Maswali ya Wasomaji: Uzani Mzito 2025, Nani Anafuata kwa Foleni ya Usyk?

Desemba 2025 imefika na maswali yenu mengi ni ya ndondi, karibu yote ya uzani mzito, wale wanaume wa kupita pauni 200, yaani kama kilo 90 na kitu. Nimechukua machache nijibu vile ninavyoona.

Msomaji wa Kondele, Kisumu: Kaka, mimi mikanda imenichanganya. Julai tuliambiwa Usyk ako nayo yote, sahii tunaambiwa Wardley pia ni bingwa. Ukweli ni gani?

Zote mbili ni kweli ndugu yangu. Tarehe 19 Julai Oleksandr Usyk wa Ukraine alimlaza Mwingereza Daniel Dubois raundi ya tano pale Wembley, akatoka na mikanda yote minne ya mashirika makubwa ya ndondi, WBC, WBA, IBF na WBO. Hio ilikua mara yake ya pili kua bingwa asiye na mpinzani kwa uzani huu, ya kwanza ni Mei 2024 alipomshinda Tyson Fury kule Riyadh. Halafu Novemba akauachilia ule wa WBO, na Mwingereza Fabio Wardley ambaye alikua na ule wa muda, yaani wa kushikilia foleni nyuma ya bingwa, akapandishwa. Kwa hivyo 2025 inaisha Usyk ako na mitatu, Wardley mmoja. Lakini kwangu bingwa bado ni Usyk, mpaka mwisho wa 2025 alikua amepigana mara 24 na ameshinda 24, na mkanda aliouacha mwenyewe hakuna mtu alimnyang'anya.

Msomaji wa Bungoma: Sasa 2026 nani anastahili Usyk? Usizunguke, taja jina.

Agit Kabayel. Huyu Mjerumani mwenye asili ya Kikurdi watu wengi huku kwetu hawamjui na hio inaniuma, juu kazi yake iko wazi. Desemba 2023 alipewa Arslanbek Makhmudov, jitu ambalo lilikua halijashindwa, akamaliza raundi ya nne. Mei 2024 akapewa Frank Sanchez wa Cuba, naye pia alikua hajashindwa, raundi ya saba kwisha. Februari mwaka huu Zhilei Zhang wa China, raundi ya sita. Wote watatu kazi ilifanyika kwa mwili, mbavu na tumbo.

Kama una bando irudie ile ya Zhang, uangalie raundi ya tano na ya sita polepole. Raundi ya tano Zhang, ambaye ni mashoto na mkono wake ni mzito sana, anamshika vizuri na Kabayel anaenda chini. Wengi wakishaonja huo mkono wanaanza kukimbia ama kukumbatia mpaka kengele, lakini huyu aliinuka akarudi palepale karibu, kichwa chini, akaendelea kuchapa mbavu, kulia, kushoto, tena kulia, mpaka mikono ya Zhang ikaanza kushuka kulinda tumbo, na ikifika hapo pambano limeisha hata kama refa hajasema. Ini liko upande wa kulia chini ya mbavu, ndio maana ile ngumi ya kushoto ya kuzungusha inalitafuta, na shingo unaweza kuikomaza kwa mazoezi lakini ini hapana. Usyk ni fundi wa miguu na pembe, ngumi ya kichwa kumpata ni kazi, kwa hivyo mtu wa kumsumbua ni yule anayewinda mwili. Dubois alimgusa Usyk chini 2023 kule Poland na mpaka leo watu wanabishana kama ile ngumi ilikua halali ama ilipita mshipi.

Sasa ona vile mambo yanaenda. Tangu Februari 2025 Kabayel alikua na mkanda wa muda wa WBC, mwaka ukaisha bado anangoja. Jina ambalo Usyk alitaja ni Deontay Wilder wa Marekani. Wilder alikua bingwa wa kutisha, siwezi kumvunjia heshima, lakini amefikisha miaka 40, Joseph Parker alimshinda kwa pointi Desemba 2023, na Juni 2024 akalazwa na Zhang, huyohuyo Zhang ambaye Kabayel alimmaliza. Hapa foleni ni kama ya matatu ya jioni, mwenye kuja mwisho anaingia kwa dirisha. Kabayel akapangiwa kupigana nyumbani Ujerumani Januari 2026 na Damian Knyba wa Poland, hatari ya bure kabisa kwa mtu ambaye nafasi yake alishaifanyia kazi.

Msomaji wa Kakamega: Wardley ni bahati tu. Kila saa anapigwa mpaka mwisho ndio anapata ngumi moja.

Bahati ya mara moja ningekubali. Juni kule kwao Ipswich Justis Huni alikua anamshinda raundi baada ya raundi, lakini Wardley akamlaza ya kumi. Oktoba 25 ndani ya O2 London akakutana na Parker, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, akamsimamisha raundi ya 11. Mtu ambaye nguvu zake ziko vilevile raundi ya kumi na ya 11 amezifanyia mazoezi. Na kumbuka huyu hakupitia ngumi za ridhaa, alianzia kwa zile za wafanyakazi wa ofisi wanaojifunza kidogo halafu wanapigana. Namheshimu sana. Ila ulinzi wake ni mlango wazi, na Usyk hatampa raundi kumi za kutafuta ngumi moja.

Msomaji wa Bondeni, Nakuru: Moses Itauma ndio Mike Tyson mpya, kwa nini wanamchelewesha?

Rekodi ya Tyson ya bingwa mdogo zaidi wa uzani mzito imeshampita. Tyson alichukua mkanda Novemba 1986 akiwa na miaka 20 na miezi minne, na Itauma alifikisha 21 tarehe 28 Desemba 2025. Hio haimpunguzii kitu. Kijana alizaliwa Slovakia, baba Mnigeria, akakulia Uingereza, ni mashoto na mikono yake ina kasi ambayo mtu wa uzito huo hafai kua nayo. Agosti alimmaliza Dillian Whyte hata dakika mbili hazijaisha. Mpaka mwisho wa 2025 ni mapambano 13, yote ameshinda, 11 kwa kumaliza.

Lakini katika hayo yote hajawahi kupita raundi ya sita. Hatujui akipigwa vizuri anafanya nini, akichoka anapumua vipi, na hayo mambo hayafundishwi gym. Dubois alikua hivohivo, hajashindwa, miaka 23, wakamweka na Joe Joyce Novemba 2020, mfupa wa jicho ukavunjika, akapiga goti raundi ya kumi na ikamchukua miaka kujijenga tena. Mimi ningempa Itauma mtu kama Filip Hrgovic kwanza, mtu mgumu wa kumpeleka mbali. Nyinyi wa Nakuru mnajua, mji uliomlea bondia Philip Waruinge na ule ukumbi wenu wa Madison Square Garden, bondia hapikwi kwa raundi moja moja.

Msomaji wa Busia: Na ndugu yetu Martin Bakole wa Kongo?

2024 alimvunja Jared Anderson kule Los Angeles nikasema huyu amefika. Februari akaitwa siku mbili kabla, akapanda na Parker akiwa zaidi ya pauni 300, raundi ya pili ikaisha. Mei akatoka sare na Efe Ajagba. Kipaji kiko, uzito ndio unamuua. Akishuka nitamrudisha kwa orodha ya wanaostahili Usyk.

Msomaji wa Nyalenda, Kisumu: Niko na miaka 17, kilo 93, naweza kua bondia wa uzani mzito hapa Kenya?

Unaweza mdogo wangu, ila ujue barabara ni ngumu. Medali zetu saba za ndondi za Olimpiki zote ni za kuanzia kilo 75 kushuka, hata dhahabu ya Robert Wangila Seoul 1988 ilikua ya uzani wa welta. Elly Ajowi alifika Tokyo kwa uzani mzito, akapangiwa Julio César La Cruz wa Cuba mapema, na huyo ndiye alichukua dhahabu.

Shida yako kubwa itakua watu wa kufanya nao sparring, yaani kupigana kwa mazoezi. Gym nyingi watakupa vijana wa kilo 60 na 70, utawasukuma kwa uzito na utadhani unajua. Mwambie kocha akuanzishe na jebu na miguu miezi kadhaa kabla ya kupigana na mtu, halafu tafuteni wenzako wa uzito wako hata kama ni kupanda gari mpaka Nakuru ama Nairobi wikendi. Na shule umalize, mazoezi ni ya jioni.