Mtafutie kocha kabla hamu haijapoa

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama hamu ya riadha iliyomshika binti yako wa miaka 14 tangu mashindano makubwa yafanyike kwenu itadumu. Mashindano yanawasha tu moto, waandaaji wa Olimpiki ya London 2012 waliahidi kabisa kuhamasisha kizazi kizima, lakini kijana habaki uwanjani kwa ajili ya shamrashamra za wiki mbili, anabaki akipata kocha anayemjua kwa jina na wenzake wa kukimbia nao. Kwa hiyo mtafutie klabu wiki hii hii, na ajaribu vyote, kukimbia, kuruka na kurusha. Wangu alianza na mita 100, kila siku wa mwisho, analia tu, kocha akamhamishia kuruka juu, saa hizi hata kwenye mlango anapima hatua. Medali usimtajie kwanza tafadhali.