Panya hajamng'ata mtu, homa imetoka wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Tumepanga chumba Tandale, jirani na mtaro. Wiki mbili zilizopita mvua iliingiza maji ndani, tukakesha tunayachota kwa ndoo. Panya ni wengi lakini hajang'ata mtu. Mume wangu ana homa siku ya tatu, kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Yaweza kuwa ugonjwa wa panya? Nitege sumu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpeleke hospitali leo, haya mengine utasoma ukiwa kwenye foleni. Ukifika, taja yale maji. Usipoyataja, homa isiyo malaria huishia kuitwa taifodi, mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Ninachoshuku ni leptospirosi, ile homa ya mgunda iliyotangazwa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya bila kumdhuru, wakatoka na mkojo. Mvua huusomba mkojo huo hadi mlangoni kwenu, nao hupenya kwenye magaga, mchubuko wa kidole, hata macho ukirukiwa na maji. Meno ya panya hayahusiki hapo.

Mbonyeze vigimbi. Akiruka kwa maumivu, na macho ni mekundu bila matongotongo, mweleze daktari. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukipungua au akikohoa damu, hiyo ni dharura: figo, ini au mapafu yameguswa. Dawa zipo, doksisaiklini kwa aliye na hali nafuu na penisilini ya sindano kwa aliyezidiwa, ila msijinunulie dukani.

Sumu peke yake siitegemei. Ukiua kumi na jalala likabaki, wengine watazaliana. Pau da Lima, mtaa wa mabondeni mjini Salvador, Brazili, watu 3,171 walipopimwa damu, takriban 15 katika kila 100 walikuwa wameshaambukizwa, na waliokaa karibu na mitaro ya wazi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo mtaro huo upelekeni serikali ya mtaa kama suala la afya. Si uchafu wenu.

Kwako, ziba mashimo ya msingi, funika unga na maji ya kunywa, deki sakafu kwa klorini. Mkichota maji tena vaeni mabuti. Ndala hazikingi kitu.

Na wewe pia ulikuwemo kwenye maji yale. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja tangu usiku ule, nenda siku hiyohiyo.