Jibu: Yule bibi wa Tuzo za Tony 1998 ni nani?

Mkuu, uliuliza kuhusu mwigizaji mzee wa Ireland aliyechukua Tony, tuzo ya tamthilia za jukwaani ya Marekani, mwaka 1998, kama alianza uzeeni. Wapi! Huyo ni Anna Manahan, mzaliwa wa Waterford, 1924, na jukwaani alishakula chumvi nyingi.

Mwaka 1957 aliigiza Serafina katika tamthilia The Rose Tattoo, ukumbi wa Pike Theatre, Dublin. Ndani yake kuna mahali mtu anaangusha kondomu, na wakati ule Ireland kuuza kondomu ni kosa la jinai. Polisi wakamkamata mwongozaji, Alan Simpson. Kesi ikafutwa mwaka uliofuata, ila ukumbi ulishaumia. Mwaka 1969 Anna akatajwa kuwania Tony kwa tamthilia Lovers ya Brian Friel, akakosa. Aliwahi pia kucheza Big Maggie ya John B. Keane.

Tony yenyewe aliipata kwa Mag, mama king'ang'anizi wa tamthilia The Beauty Queen of Leenane. Marie Mullen, aliyecheza bintiye, naye alishinda usiku huohuo. Mwaka 2016 Mullen akarudi kucheza huyo mama!

Runingani alionekana The Riordans na Fair City. Kwangu mimi, jukwaa ndilo lilikuwa kwake. Alifariki 2009.