Zile meli pale nje zinangoja nini?

Wiki iliyopita niligusia, kwa mistari miwili tu, meli zilizotia nanga nje ya bandari ya Dar es Salaam. Maswali yaliyokuja yameizidi mada yenyewe. Nimefanya kazi ya uwakala wa meli kwa miaka mingi, kazi ya kupanda boti alfajiri na mkoba wa karatasi kwenda kuzipokea hukohuko nangani, na jambo hili liko karibu na moyo wangu. Basi leo safu nzima ni yenu.

Nakaa Upanga. Jioni nikipita Barabara ya Barack Obama nahesabu meli kumi na zaidi, na kesho yake naziona zilezile. Kwani bandari imejaa?

Mara nyingi haijajaa yote. Pale nje hakuna foleni moja; ziko foleni nne au tano zilizokaa kwenye bahari moja. Meli ya magari ina gati lake, ya makasha ina lake, ya kichele, yaani mzigo usiofungwa, kama ngano na mbolea ina lake. Meli za mafuta hushusha Kurasini, na zile kubwa mno haziingii ndani kabisa: hufungwa kwenye boya la Mjimwema, upande wa Kigamboni, mafuta yakapita kwenye bomba lililolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo gati la mafuta laweza kuwa tupu kutwa nzima, na meli ya mbolea ikaendelea kulitazama kwa mbali.

Gati likipatikana, bado. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba tena una kona, na meli mbili kubwa hazipishani mle. Inayotoka hutoka kwanza. Rubani wa bandari, anayeongoza meli kuingia, lazima apande. Tagi za kuivuta na kuisukuma ziwe huru. Meli iliyosheheni sana husubiri maji yajae, maana siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa kwetu hupita mita 3. Karatasi ikichelewa saa moja na maji yakakupita, umepoteza nusu siku.

Na karatasi nazo ni foleni. Meli inayotoka ng'ambo hupandisha bendera ya njano kuomba kibali cha afya, kisha kuna uhamiaji, forodha, na malipo ya bandari. Nimeshuhudia meli iliyokuwa ya kwanza kwenye zamu ikipitwa na ya pili kwa sababu fedha ziliingia benki Ijumaa jioni, saa za kazi zimekwisha. Mpaka Jumatatu nahodha alikuwa ameacha kunijibu redioni.

Mimi ni mvuvi wa Kunduchi. Usiku zinawaka kama mji. Kuna sababu, au ni kufuja umeme? Na sisi tupite wapi?

Ni sheria, ndugu yangu. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinaitaka meli kubwa iliyotia nanga iwashe taa nyeupe mbele na nyingine nyuma, ya nyuma ikae chini kuliko ya mbele. Ikiwa na urefu wa mita 100 au zaidi, lazima imulike sitaha pia. Mchana hutundika tufe jeusi upande wa mbele. Ukiliona, jua imelala.

Pita nyuma, upande wa tezi, na uache nafasi. Kinachoishikilia meli ni nanga pamoja na uzito wa mnyororo mrefu uliolala chini, na mnyororo huo hutangulia mbele ya omo, yaani pua ya meli, kwa mita mia na zaidi. Nyavu zikitupwa mbele ya omo zitaishia humo. Halafu kumbuka kwamba meli haitulii: upepo na mkondo vikigeuka, nayo huizunguka nanga yake, ndiyo maana unaziona zote zimeelekeza omo upande mmoja. Usiusogelee mnyororo gizani, tafadhali. Baharia wa zamu akiona ngalawa imekaribia omo usiku humdhania mwizi, na haanzi kwa kuuliza jina.

Bandari si imeongezwa kina na gati zimekarabatiwa? Mbona foleni haikwisha? (Mbagala)

Ni kweli. Mradi ulioanza mwaka 2017 ulizijenga upya gati namba 1 hadi 7 na kuzifikisha kina cha mita 14.5, likaongezwa na gati la magari. Mwaka 2024 wakaja waendeshaji wapya wa makasha. Kazi nzuri, na matunda yake yanaonekana. Ila mwishoni mwa mwaka 2023, kina kikiwa kimekwisha kuongezwa, meli zilijaa nangani hata ikawa habari ya nchi nzima.

Miaka yote hii nimeamini jambo moja, na sijaona la kunibadilisha: foleni ya baharini hutengenezwa nchi kavu. Chukua meli moja yenye tani 30,000 za mbolea. Kijiko cha kreni kinashuka kwenye tumbo la meli, kinapanda na tani zake, kinamwaga kwenye faneli kubwa ya chuma, na lori linakaa chini yake likipokea. Lori moja hubeba kama tani 30. Fanya hesabu: ni safari elfu moja za lori kwa meli moja. Lori lililokwama siku tatu Tunduma likingoja kuvuka kwenda Zambia ni lori lililokosekana gatini. Lori likikosekana, kijiko kinaning'inia hewani, na kila dakika kinayoning'inia inawafikia wale walio nje.

Kisha mvua. Ngano na mbolea hazitaki tone. Masika nimesimama kwenye sitaha na msimamizi wa wapakuzi, macho yetu juu ya Kigamboni, wingu likija. Anapiga kelele, mifuniko inafungwa, watu wanakimbilia kivulini. Dakika ishirini za mvua, kisha kukausha, kisha kufungua tena, kisha wingu jingine. Siku ya namna hiyo meli hushusha robo ya ilichopangiwa, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini ghala lililojaa mzigo usiotolewa kwa majuma, hilo lina wa kulaumiwa, na mara nyingi ni sisi wenye mizigo na mawakala wetu. Kina cha maji kimeongezwa. Sasa tuangalie mageti, mizani, reli na ofisi za mpakani kwa bidii ileile.

Gari langu limo ndani ya meli mojawapo. Nani analipa siku hizi zote? (Lubumbashi)

Kaka, kwa gari lako pumua kidogo: tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini huhesabiwa baada ya gari kushushwa, si likiwa nangani. Kampuni za meli, ucheleweshaji ukizidi, huongeza ada ya msongamano kwenye nauli za safari zinazofuata, na hapo tutalipa sote. Tumia siku hizi vizuri. Chukua jina la meli kwenye hati ya shehena, ifuatilie kwenye ramani za meli za intaneti, na umwambie wakala wako aanze nyaraka za forodha za mzigo wa kupita kabla meli haijafunga gati. Wengi husubiri gari lishuke ndipo waanze kutafuta stakabadhi, na tozo huanzia hapo.

Meli ya kukodi ni habari nyingine. Mkataba hutaja siku za kupakua. Nahodha akifika hutoa taarifa kwamba yuko tayari, saa ikaanza kuhesabu. Siku zikipita, aliyekodi hulipa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku, maelfu ya dola, na kwa meli kubwa ya mafuta hata makumi ya maelfu. Ugomvi wa zamani ulikuwa huu: meli iliyo nje nangani, imefika au haijafika? Mwaka 1973 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua shauri la meli Johanna Oldendorff, iliyongojea nje ya Liverpool maili 17 kutoka gatini. Likasema meli iliyo mahali pa kawaida pa kungojea ndani ya mipaka ya bandari imefika, maadamu aliyeikodi anaweza kuitumia muda wowote. Mikataba mingi ya mizigo inayokuja kwetu hufuata sheria ya Uingereza, kwa hiyo maamuzi kama hayo yanatugusa.

Hapa Tanzania gharama hiyo ina mlango wake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, gharama za meli kucheleweshwa zimo ndani ya hesabu. Dereva wa bodaboda anayejaza lita moja Kimara anailipia ile meli, hata kama hajawahi kuiona.

Nahodha anajua gati halipo. Kwa nini asije polepole? (mwanafunzi, Mombasa)

Swali zuri sana, mwanangu. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayotakiwa na injini hupungua kwa zaidi ya robo. Fikiria mafuta yanayookolewa. Lakini penye utaratibu wa anayetangulia kufika ndiye wa kwanza, kuchelewa ni kupoteza zamu. Na mkataba humtaka aende bila kupoteza muda. Basi wote wanakimbia, kisha wote wanalala.

Na kulala nako kuna hatari. Juni 2007 meli zaidi ya 50 zilikuwa nje ya Newcastle, Australia, zikingoja makaa ya mawe. Dhoruba ikaja, na tarehe 8 meli tupu iitwayo Pasha Bulker ikasukumwa hadi ufukweni, ikakaa hapo mpaka Julai ilipovutwa. Dawa ipo: kupanga zamu kabla meli haijafika. Bandari za Los Angeles na Long Beach, Marekani, zilianza hivyo Novemba 2021, zamu ikahesabiwa tangu meli ilipoondoka bandari ya nyuma, ili isikimbilie kujazana pwani. Foleni yenyewe iliendelea, ikapita meli za makasha mia moja Januari 2022, lakini nyingi zilingojea mbali baharini. Natamani sana kuona utaratibu wa namna hiyo kwa kila aina ya meli hapa na hapo Kilindini.

Mwanangu ni baharia. Meli yao iko nangani nje ya bandari moja ya Ghuba mwezi wa nne sasa, na miezi mitatu hajalipwa. Anasema haruhusiwi kushuka. Nifanye nini? (mama, Tanga)

Shikamoo mama. Hilo limeshatoka kwenye kungoja gati. Chini ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, baharia asiyelipwa kwa miezi miwili au zaidi huhesabiwa ametelekezwa. Tangu mwaka 2017 meli za nchi zilizouridhia lazima ziwe na bima ya jambo hilo, inayogharamia chakula, safari ya kurudi nyumbani na hadi miezi minne ya mshahara. Cheti cha bima hiyo hubandikwa mahali pa wazi melini, na jina la mtoa bima na anwani yake vimo.

Mwambie akipige picha leo, pamoja na mkataba wake wa kazi na kurasa za daftari lake la ubaharia. Ajue meli inapeperusha bendera ya nchi gani. Awasiliane na Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ITF. Nawe huku uende TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, ukiwa na nakala. Asishuke kabla hajapata ushauri wao, na asisaini karatasi yoyote inayosema amelipwa, hata akiahidiwa tiketi ya ndege ya kesho asubuhi. Picha ya cheti nitumie, mama. Barua nitaiandika mimi.