Ashwagandha na vidonge vya tezi ya shingo

Dada, umeuliza kama unaweza kunywa unga wa ashwagandha, mzizi wa dawa ya asili ya Kihindi, upate usingizi, na huku unameza levothyroxine, kidonge cha homoni, kwa ajili ya tezi ya shingo. Mimi ningesubiri kwanza. Mzizi huo unaweza kupandisha homoni za tezi. Ukijumlisha na kidonge chako, moyo unaweza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, na huo usingizi wenyewe usiuone. Kichefuchefu na kuharisha hutokea, mara nyingi hupita. Cha kuogopa ni ini, ingawa ni nadra: macho yakiwa ya manjano, mkojo ukafanana na chai ya rangi, acha unga huo siku hiyo hiyo, uende hospitali. Mjamzito asiuguse. Na daktari mpelekee kopo lenyewe asome lebo. Ukimwambia "dawa ya Kihindi" tu, hujamwambia kitu.