Kabla hujalipia programu, uliza ufunguo anao nani

Januari ndio mwezi wetu sisi tunaodarizi nembo za sare. Shule zinafunguliwa, wazazi wanakimbizana na masweta, na walimu wakuu wanaanza kupiga simu alfajiri. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na oda ya masweta 240 ya shule moja ya hapa Mwanza, na zimebaki siku sita. Jumanne jioni mwanangu wa mwisho akapita mbio nyuma ya meza, akaigonga kompyuta, na kidude kilichokuwa kimechomekwa kwenye tundu la USB kikakatika shingo.

Ukikiona utadhani ni flashi, lakini hakihifadhi kitu. Kazi yake ni moja tu. Kila ninapofungua programu ya kuchorea nembo, programu inakitafuta kwanza. Ikikikuta, inafunguka. Isipokikuta, unaletewa kisanduku cha maneno katikati ya kioo na hapo ndio mwisho wa safari.

Nikampigia wakala aliyeniuzia. "Mama, hicho kidude ndiyo leseni yenyewe," akaniambia. "Kikivunjika, unanunua upya." Nikamuuliza kama siwezi kuuziwa kidude peke yake, maana programu ninayo. Akasema bei ya kidude ndiyo bei ya programu nzima. Hakunifokea, alikuwa kijana mwenye adabu kabisa. Mimi risiti ninayo mkononi, programu imo ndani ya kompyuta, kompyuta iko mezani kwangu, na kuitumia siwezi.

Fedha ningezililia siku mbili nikanyamaza. Kilichoninyima usingizi ni nembo zangu. Kwa miaka minne nilikuwa nimechora nembo za shule, za kwaya, za vikundi vya akina mama, kila moja kwa mkono wangu, mshono kwa mshono. Zote nilizihifadhi kwa aina ya faili ya programu ile, ambayo programu nyingine niliyokuwa nayo haikuweza kuisoma. Kufuli liliwekwa kulinda mali ya kampuni, na kazi yangu ikafungiwa humo humo pamoja nayo.

Oda iliokolewa na flashi kuukuu. Cherehani ya kudarizi haisomi faili la kuchorea, inasoma faili la mishono, na kwetu lililozoeleka ni DST. Kila nilipotoa nembo kwenda kwenye cherehani nilikuwa naibeba kwa flashi bila kuifuta, kwa uvivu tu. Nembo ya shule ile ilikuwemo, kwa kipimo cha sweta. Masweta yakaenda. Lakini mwalimu mkuu alipotaka na kofia, nikakwama. DST inabeba njia ya sindano tu, hata rangi ya uzi haiijui. Ukilipunguza faili hilo sana, mishono ile ile inabanana mahali padogo, uzi unakatika, na mwisho sindano nayo. Kofia niliziacha.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma na kuulizauliza, na haya ndiyo ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa fedha.

Kufuli la mlango linamzuia aliye nje. Kufuli la nakala, yaani kizuizi kinachowekwa ili programu, wimbo au kitabu kisinakiliwe, linakuzuia wewe uliyenunua, na ajabu yake ni kwamba kila kitu kiko kwako: faili liko kwako, programu ya kulifungua iko kwako, hata ufunguo umefichwa mahali fulani ndani ya kompyuta hiyo hiyo au kwenye tundu lake. Kufuli la namna hiyo haliwezi kushika bila kompyuta kumfichia mwenyewe mambo na kumsikiliza mtu mwingine kabla yake. Wewe unasema fungua, nayo inasubiri ruhusa kutoka kwingine. Wanaotengeneza makufuli haya wanaweza kuwa watu wema kabisa, na bado lazima wakuwekee nyumbani mtumishi asiyekutii.

Jambo hili lilifika mbali kiasi gani, lilionekana mwaka 2005. Kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza CD ambazo ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows zilisakinisha programu ya kuzuia kunakili, na programu ile ilijificha ndani kabisa ya mfumo. Ilificha kila faili ambalo jina lake linaanza na alama $sys$. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows, akaeleza hadharani jinsi alivyoikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe. Hazikupita wiki nyingi, waandishi wa virusi nao wakaanza kuyapa mafaili yao majina yanayoanza na alama hizo hizo, ili yajifiche chini ya shuka lile lile. Programu ya kwanza ya kuiondoa nayo ikaacha tundu jingine la usalama. Kampuni ikazirudisha CD kutoka madukani, ikashtakiwa, na mwaka 2007 tume ya biashara ya Marekani ikafikia nayo makubaliano yaliyowapa walioharibikiwa kompyuta haki ya kurudishiwa hadi dola 150 za matengenezo. Ninachokumbuka kila nikisoma habari hii ni kwamba walioumia ni wale waliolipa. Aliyepata wimbo ule kwa njia ya wizi, kompyuta yake ilibaki salama.

Vitabu vya kielektroniki vina historia yao. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja vitabu ambavyo tayari walishavinunua, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Fedha walirudishiwa na kampuni ikaomba radhi, lakini kuna mwanafunzi aliyebaki na maelezo aliyoyaandika pembeni mwa kurasa ambazo hazipo tena. Mwaka 2019 Microsoft ikafunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Nao walirudisha fedha, na aliyekuwa ameandika maelezo yake ndani ya vitabu akaongezewa dola 25. Sijui bei ya maelezo ya mtu inapangwaje. Kilichonigusa ni kwamba hawa wote walidhani wamenunua, na kumbe walikuwa wamepanga chumba.

Nyumbani kwetu tulishaliona hili kwa DVD tusilielewe. Shemeji aliyekuwa Muscat alituletea filamu za watoto, halali, kwenye makasha yake. Deki ikazikataa. Dunia ya DVD imegawanywa kwa kanda: Oman iko kanda ya 2, Tanzania iko kanda ya 5. Kompyuta nayo kwa kawaida inakuruhusu kubadilisha kanda mara tano, ya tano ikipita imeganda hapo hapo milele. Tulimlaumu shemeji bure kwamba kauziwa diski mbovu.

Nisieleweke kwamba natetea wizi. Nembo zangu mwenyewe zimenakiliwa. Niliwahi kukutana na nembo niliyoichora kwa siku tatu imedariziwa kwenye duka la mtu mwingine, hadi kosa dogo nililoliacha kwenye bawa la ndege limo. Uchungu wake naujua. Mtunzi alipwe, mwandishi wa programu alipwe, na mimi nilishalipa. Tatizo langu ni mlinzi anayemkagua mteja mwenye risiti na kumwacha mwizi apite dirishani.

Kwa hiyo, siku hizi kabla ya kulipia programu yoyote naomba ya majaribio kwanza, naisakinisha, halafu nazima intaneti kwa siku kadhaa. Ikiendelea kufanya kazi, vizuri. Ikianza kudai iulize kwao kila asubuhi, najua siku bando limeisha au seva yao imezimwa, na mimi kazi imesimama. Kisha natazama jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: kazi yangu inatokaje humo? Naitengeneza nembo moja, naitoa kwa aina ya faili inayosomwa na programu nyingine, na naifungua kweli kwenye programu hiyo nyingine. Neno la muuzaji halinitoshi tena. Hati nazitunza kwa aina zinazojulikana kila mahali, picha za kuchora kwa SVG (aina ya faili la mchoro inayosomwa na programu nyingi), mishono kwa DST, na kila kitu nakala mbili, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kama ni lazima ununue yenye kidude, usikichomeke mbele ambako mtoto anapita. Nunua waya wa kurefusha USB, ukifunge nyuma ya meza. Na muulize muuzaji, kwa maandishi, kikivunjika inakuwaje na kikipotea inakuwaje. Mimi sikuuliza.

Zipo leseni zisizo na kidude, zinazofungwa kwenye kompyuta yenyewe. Hizo zina mtego wao. Umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, fundi akaweka nyingine, programu inaona ni kompyuta ngeni. Nyingi zina sehemu ya kuachilia leseni kabla ya kuhamia mashine nyingine. Itafute sehemu hiyo mapema, wakati kompyuta bado inawaka, na uiachilie leseni kabla hujaipeleka kwa fundi. Baada ya kuungua umechelewa.

Kijana mmoja wa duka la kompyuta aliniambia, "Mama, unahangaika nini, nakuwekea iliyochakachuliwa kwa elfu kumi." Nilikaribia kukubali, nisiwe mwongo. Kilichonizuia ni sharti la kwanza kwamba tuzime kwanza kinga ya virusi. Kwenye kompyuta hiyo hiyo kuna orodha ya wateja wangu na madeni yao. Ningekuwa nimemtoa bwana mmoja nikamkaribisha mwingine ambaye hata jina lake silijui. Na sheria nayo ipo. Marekani tangu 1998 inakataza kuvunja kufuli lenyewe, na mara nyingi haijalishi kama nakala ni yako, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inakataza kuvunja vizuizi hivi.

Nilikoelekea mimi ni programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha. Ipo inayoitwa Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape. Zote ni bure, zinafunguka bila intaneti, zinahifadhi mchoro kwa SVG na kutoa DST kwa ajili ya cherehani. Nitasema ukweli, ni ngumu zaidi. Ile ya zamani ilikuwa inanipangia mishono yenyewe kwa uzuri, hapa nililazimika kujifunza mwelekeo wa uzi na unene wake upya, na majaribio yangu ya kwanza yalikunja kitambaa kama ngozi ya bibi. Miezi mitatu hivi ndipo mkono ulipozoea. Barua na ankara naandika kwa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Na tusidhani mambo haya ni mageni kwetu, kwani mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walishatoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice.

Jambo moja kwa wanaonunua kompyuta za mtumba kutoka Ulaya: usilipe kabla hujaiona ikiwashwa upya kabisa, mbele ya muuzaji, na kuunganishwa na intaneti hapo hapo. Nyingine zilikuwa za makampuni na bado zinaitii kampuni ya zamani. Zikiingia mtandaoni zinadai nywila ya kazini ya mtu usiyemjua. Ingia pia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya ndani ya kompyuta inayofunguliwa inapowaka, kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, mrudishie.

Nembo zangu za zamani nimezichora upya zile zenye wateja, usiku baada ya kupika. Nyingine zimepotea, ikiwemo ya kikundi cha akina mama ambacho nilikipenda sana, na siku hizi hakipo. Kile kidude bado kiko kwenye droo pamoja na sindano zilizokatika. Na mwalimu mkuu wa masweta yale, Januari iliyofuata nilipomkabidhi mzigo, kofia zikiwemo, nilimwekea na flashi yenye nembo ya shule yake, SVG na DST. Akaniuliza hii ya nini. Nikamwambia ni ya shule, mwalimu, mliilipia, na siku mkipata fundi mwingine mpeni aendelee nayo.