Vipeo vinavyoanguka njiani

SWALI: Shikamoo. Nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Tanga. Wiki iliyopita nilichapa maswali kwenye Word, nikayanakili na kuyabandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwangu niliandika 3×10⁸, kwa wanafunzi ikafika 3×108. Mmoja akaniletea jibu kwamba kasi ya mwanga ni mita 324 kwa sekunde. Nifanyeje ili vipeo vibaki juu?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Huyo mwanafunzi usimkate alama. Aliona 3 mara 108, akazidisha, akapata 324. Kinachoniuma ni kuwa namba hiyo iko karibu na kasi ya sauti hewani, kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mtoto hakuwa na cha kumshtua.

Nimechapa mitihani ya shule kwenye steshenari miaka kumi na moja, na kosa hili nimelifukuza sana. Ukibonyeza Ctrl, Shift na alama ya kujumlisha ndani ya Word, ile 8 hupanda, lakini ni 8 ileile. Kupanda kwake ni agizo tu lililoandikwa ndani ya faili. WhatsApp inajua kukoleza maneno, kuyalaza na kuyakata kwa mstari, kuyapandisha haijui. Kwa hiyo 8 inasafiri, agizo linabaki nyumbani.

Unachohitaji ni ⁸ ambayo imezaliwa juu. Unicode, ule mfumo unaoipa kila herufi namba yake, umeipa nafasi yake mbali kabisa na 8 ya kawaida, kwa hiyo hata ukiinakili mara mia haishuki. Chukua safu hii, jitumie mwenyewe, uwe unanakili kutoka hapo:

⁰ ¹ ² ³ ⁴ ⁵ ⁶ ⁷ ⁸ ⁹ ⁺ ⁻ ⁿ

Hiyo ⁻ usiisahau. Ukubwa wa chaji ya elektroni ni 1.6×10⁻¹⁹, ikifika 1.6×10-19, kuna atakayezidisha apate 16, kisha atoe 19. Kwa eneo na ujazo huna haja ya safu: kwenye kibodi ya Gboard shikilia 2 bila kuachia, ² inatokea, na 3 vivyo hivyo. Kwenye kompyuta ya Windows, kupata ² shikilia Alt, andika 0178 kwenye namba za pembeni.

Utaona katika fonti nyingine ² na ⁵ hazilingani kimo. Tarakimu ¹, ² na ³ zilikuwamo tayari katika orodha ya herufi ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, ya mwaka 1987. Nyingine zina fungu lao jingine ndani ya Unicode, na wachora fonti hawakuzichora pamoja daima.

Herufi za juu nazo zipo, ila nyingi ziliwekwa kwa ajili ya wanaoandika matamshi. Mwenzako wa Kiswahili anaihitaji ʰ kuonyesha pumzi wanayoitoa watu wa Mombasa katika pʰaa, yule mnyama, tofauti na paa la nyumba. Hapo imekaa mahali pake. Wanafunzi wanaoandika majina yao yote kwa vijiherufi hivyo wakataze, tafadhali. Mtu asiyeona anategemea programu imsomee simu, na programu nyingi huziruka herufi hizo au huzitaja moja moja, asijue ni nani kaandika.

Kabla ya kutuma kwa darasa, tuma kwanza kwenye simu ya zamani kuliko zote unayoweza kuazima hapo shuleni. Ikionyesha kisanduku kitupu badala ya ⁸, andika 10^8, na uwaeleze kwa chaki ubaoni kwamba kikofia hicho ndicho kipeo.